Shajara ya mradi: kutafuta protini zinazoonya mapema saratani ya mlango wa kizazi, Mombasa

Januari

Kamati ya maadili imeridhika, leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu tafiti, imetoka, na wiki hii tumeanza kuwapokea akina mama katika kliniki za Likoni na Kisauni. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzetu wa maabara na zahanati nyingine za Pwani wanaotuuliza mradi huu unatafuta nini hasa, na kwa mama yeyote anayetaka kujua sampuli yake inafanyiwa nini baada ya yeye kurudi nyumbani.

Tunachotafuta ni jibu la swali moja. Mama amepimwa HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na amekutwa navyo. Je, ipo protini tunayoweza kuipima mapema, ikatuambia kama virusi hivyo vimeshaanza kuziharibu seli zake au ni vya kupita tu?

HPV ni virusi vya watu wengi. Maambukizi tisa kati ya kumi, kwa makadirio, huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili bila mwenyewe kuhisi chochote. Yale yanayong'ang'ania ndiyo chanzo cha karibu kila saratani ya mlango wa kizazi, na aina mbili tu, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Harald zur Hausen, Mjerumani aliyeufichua uhusiano huo, alitunukiwa Nobel mwaka 2008. Kutoka maambukizi hadi saratani kamili hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga imara, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga iliyodhoofika, kwa mfano anayeishi na VVU bila dawa. Muda wa kuukamata ugonjwa huu ukiwa mchanga upo, tena mrefu. Hata hivyo, makadirio ya mwaka 2020 yaliipa Kenya wagonjwa wapya wapatao 5,200 na vifo vipatavyo 3,200. Kwa maradhi yanayokupa onyo la muongo mzima, vifo hivyo vinauma mno.

Kipimo cha HPV chenyewe hatuna ugomvi nacho. Ni kizuri, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kiwe ndicho cha kwanza, kuanzia miaka 30 kwa wanawake kwa jumla na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Mashine za GeneXpert zinazotumika kupima kifua kikuu zinakipima pia, na jibu hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Kazi ngumu huanza jibu likishatoka. Mama mwenye virusi huambiwa arudi aangaliwe kwa siki, ambayo ikipakwa hufanya sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe, au apelekwe kwenye kolposkopi, yaani atazamwe kwa kioo cha kukuza, akatwe kinyama cha kupimwa, asubiri wiki kadhaa, kisha arudi tena kusikia majibu. Kila kurudi ni nauli, ni foleni ya feri, ni siku nzima ya biashara iliyolala kwa mama anayeuza mboga Kongowea. Tunawapoteza hapo katikati, na wengi tunaowapoteza tukija kuwaona tena huwa tayari wanatokwa na damu.

Kwa kila mama anayekubali tunachukua sampuli mbili: damu ya mkononi na seli za mlango wa kizazi zinazotolewa kwa brashi. Kwenye damu tunapima protini iitwayo SCC-Ag. Kwenye seli tunatafuta protini mbili, p16 na Ki-67, kwa pamoja, na kwa kundi dogo tunaongeza protini ya virusi yenyewe, E6. Mwamuzi ni kile kinyama, kinachosomwa na daktari wa patholojia ambaye hajaonyeshwa majibu yetu.

Mwisho wa Januari

Bibi mmoja wa Likoni alisikiliza maelezo yote ya ridhaa, akaikunja ile karatasi na kuiweka mapajani. "Mwanangu, hii damu yangu mwaipeleka wapi?"

Aliyekaa naye kwenye benchi akataja mumiani kwa sauti ya chini, na kliniki nzima ikanyamaza kutusikiliza. Nesi wetu ni mwenyeji wa Mtongwe. Aliketi karibu naye akamwambia, "Shangazi, uliza yote. Hatuna haraka." Tukamweleza kwamba chupa yake inabaki hapa hapa Mombasa, kwamba ina nambari pasipo jina, kwamba sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inampa haki juu ya taarifa zake, na kwamba akibadili nia kesho tutaitoa sampuli yake na kuiharibu.

Kisha nikamsimulia habari za Henrietta Lacks, kwa maana naona si haki kuwaficha akina mama habari hii. Alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani hii hii ya mlango wa kizazi. Madaktari wa Johns Hopkins walichukua seli za uvimbe wake bila kumuomba ruhusa. Zilikuwa seli za kwanza za binadamu kuendelea kuzaana katika maabara bila kukoma, zikapewa jina HeLa, zikasambazwa duniani kote, na baadaye ikagundulika kwamba ndani yake mna HPV aina ya 18. Sisi wenyewe tunazitumia kama kidhibiti: kabla ya kuziamini slaidi za siku, yaani vioo vyenye seli zilizotiwa rangi, tunahakikisha kwamba slaidi ya HeLa imeshika rangi.

"Na watoto wake waliambiwa?"

Walikuja kujua baada ya zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2023 ndipo warithi wake walipofikia mapatano na Thermo Fisher, mojawapo ya kampuni zilizozifanyia biashara seli hizo.

Bibi akafikiri. "Basi nanyi, mkitaka kufanya jambo jingine na damu yangu, mje mniulize kwanza." Akatia kidole gumba. Tumelipeleka sharti lake kwa kamati ya maadili, na sasa ni kipengele katika fomu ya kila mama: matumizi yoyote mapya, ridhaa mpya.

Februari

Joto. Maelekezo ya ELISA, kipimo kinachoonyesha kiasi cha protini kwa mgeuko wa rangi, yanasema "joto la chumba", na walioyaandika walikuwa na nyuzi 20 hadi 25 akilini. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari, kiyoyozi kikizimwa, kinavuka 30 kabla ya saa nne asubuhi. Visima vya pembezoni mwa sahani, yaani vishimo vidogo tunamotia sampuli, hupata joto na kukauka upesi kuliko vya katikati, kwa hivyo sampuli ile ile ikiwekwa pembeni na ikiwekwa katikati inaweza kutoa namba mbili tofauti. Tumeamua visima vya ukingoni visitumike kwa sampuli ya mtu, vijazwe maji maji ya kuoshea tu. Kila sampuli inapimwa mara mbili, na tofauti ikizidi kiwango tulichokiweka inarudiwa. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ina jenereta yake, na ina daftari la joto linalosainiwa asubuhi na jioni.

Lakini adui mkubwa zaidi wa kipimo hiki ni jasho. SCC-Ag ni protini ya seli bapa, zile zinazofunika ngozi, mdomo, koo na mlango wa kizazi, na ngozi yenye afya imejaa protini hiyo. Tone la jasho la fundi likidondokea kwenye kisima, kidole kikigusa ncha ya pipeti, au mtu akizungumza juu ya chupa iliyo wazi na chembe ya mate ikaruka, mama mwenye afya njema anaonekana kuwa na saratani. Kwa hiyo anayepima anavaa barakoa na glavu mbili, mikono mirefu imebanwa, kitambaa kipajini, kiyoyozi kimewashwa tangu alfajiri, na hakuna kuzungumza hadi sahani ifunikwe. Fundi wetu mkuu akiona mtu anafungua mdomo humwonyesha mlango kwa macho tu.

Rangi ya buluu inapoanza kutokea visimani chumba kinanyamaza kabisa. Vile vya kiwango cha juu huiva kwanza, vingine vinafuata polepole, kisha tone la asidi linageuza buluu kuwa manjano na mashine inasoma mwanga wa nanomita 450. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado nainamia sahani kutazama mgeuko huo.

Kwa upande wa Likoni, damu inaachwa igande, inazungushwa pale pale kliniki, na seramu, yaani maji maji yanayobaki juu, ndiyo inayovuka bahari ikiwa ndani ya kikasha cha barafu. Damu nzima haipandi feri. Ikikaa foleni kwenye jua chembe nyekundu hupasuka, na hapo huna tena cha kupima cha kuaminika.

Ramadhani

Mahudhurio yameshuka kama tulivyotarajia, na sababu inaeleweka vizuri. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, kuingiza kitu katika tupu mchana wa mfungo kunabatilisha saumu. Kutolewa damu hakubatilishi. Akina mama wanalijua hilo bila kuhitaji kuelezwa na sisi. "Damu nitoeni sasa hivi," mmoja alituambia huku akikunja mkono wa buibui, "huko kwengine mpaka Idi." Wengine wangeweza kuja katika siku ambazo hawafungi, lakini hizo ni siku za hedhi, na brashi iliyojaa damu ya hedhi haitufai.

Hapa ndipo mtu anapoielewa hamu ya kipimo cha damu. Kingekuwa kinafanya kazi, mama angepimwa sokoni, msikitini, mlangoni pa nyumba yake, bila kupanda kitanda wala kuvua nguo. Natamani kiwe hivyo. Kila anayefanya kazi hii anatamani.

Kwa mwezi huu tumefanya mambo mawili. Kliniki ya Kisauni inafungua baadhi ya jioni, baada ya futari, na wahudumu wa afya ya jamii wanapita majumbani na brashi ambayo mama anajichukulia sampuli mwenyewe usiku. Kwa kipimo cha HPV sampuli ya kujichukulia inakubalika kabisa, kwa kuwa DNA ya virusi inapatikana hata ukeni. Kwa protini habari ni nyingine. Ili kuona p16 chini ya hadubini tunahitaji seli za mlango wa kizazi zenyewe, nzima nzima, na brashi ya kujichukulia huzoa zaidi seli za ukeni. Tumezihifadhi sampuli hizo kwa ajili ya hatua ya baadaye, ambapo tutazivunja seli na kupima jumla ya p16 kwa ELISA badala ya kuziangalia moja moja.

Baada ya Idi

Tumekaa na majibu ya damu.

SCC-Ag si protini ngeni. Kato na Torigoe waliielezea huko Japani mwaka 1977, kutoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi, na hospitali nyingi duniani huitumia kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari amethibitishwa: inapanda kadiri uvimbe unavyokua, inashuka tiba ikishika, na ikianza kupanda tena daktari anajua pa kutazama. Mpaka unaotumiwa sana ni nanogramu 1.5 au 2 kwa mililita.

Yetu imefanya vivyo hivyo. Kwa wanawake ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kuenea, namba zilisimama juu bila ubishi. Kwa wale wenye CIN2 na CIN3, yaani mabadiliko yanayotangulia saratani, ambayo ndiyo tunayoyawinda, namba zilichanganyika na za wanawake wasio na kitu, na hakuna mpaka uliowatenganisha. Sababu ni ya kimaumbile. CIN3 ni tabaka jembamba la seli zilizopotoka, halijauvuka utando ulio chini yake, halijaifikia mishipa ya damu. Protini yake inamwagika ukeni, haiingii mkononi. Na waliokuwa na namba za juu bila ugonjwa wa kizazi nao walikuwapo: mmoja ana ukurutu wa miaka mingi, mwingine figo zake zina shida. Hali zote mbili zinajulikana kupandisha SCC-Ag.

Hata kama kipimo kingekuwa bora zaidi, hesabu ingetubana. Nimeiandika ubaoni kwa ajili ya vijana wa maabara. Chukua mfano wa wanawake 1,000, ambao 10 wana ugonjwa. Chukua kipimo kinachowanasa asilimia 90 ya wagonjwa na kuwaachilia asilimia 90 ya wazima. Kitanasa wagonjwa 9. Pamoja nao kitawanasa wazima 99. Mama akiambiwa kipimo kimeonyesha kasoro, uwezekano kwamba ana ugonjwa kweli hauzidi mmoja kwa kumi na wawili. Kipimo hicho hicho ukikitumia kwa wanawake ambao tayari wamekutwa na HPV aina ya hatari, ambamo wagonjwa ni wengi zaidi, hesabu inabadilika kwa faida yako. Ndiyo sababu mradi huu unazitafuta protini za kuwachuja wenye virusi, na hautafuti za kuchukua nafasi ya kipimo cha HPV. Nasisitiza hili kwa sababu kila mara hutokea habari kwamba tone la damu litatambua saratani zote, na akina mama wanatujia wakiwa wameshaamini.

Mei

Mvua za masika zimefunga barabara za Kisauni, sampuli ni chache, nafasi ya kutafakari imepatikana.

Mama wa makamo, mzaliwa wa Kwale, aliletwa na dada yake. Brashi ilipogusa tu, damu. Siki ilionyesha mabaka, lakini siyo yale meupe yenye ukingo tuliyozoea. Yalikuwa ya manjano yenye chembechembe za mchanga, na mishipa midogo imejisokota kando yake. Nesi alimuuliza, "Dada, ulipokuwa mtoto mlikuwa mkioga wapi?" Mtoni, akasema, na kufua huko huko, mpaka alipoolewa.

Kichocho. Wengi wanakijua kama ugonjwa wa wavulana wanaokojoa damu. Mayai ya kimelea hicho hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, yakazua vidonda vinavyotoka damu vikiguswa na vinavyoweza kumdanganya mtazamaji kwamba ni saratani. Inakadiriwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha aina hii. Ukanda wetu wa Kwale, Kilifi na Tana River ni nyumbani kwake, na mji wa Mombasa umejaa watu waliokulia huko. Mradi wa protini ulioandikwa Ulaya hauna ukurasa wa kichocho. Wetu lazima uwe nao.

Hii ni kwa sababu penye vidonda vya muda mrefu seli hugawanyika kwa kasi ili kuziba jeraha, na Ki-67 hupanda hata pasipo saratani. Brashi nayo huja na damu na chembe nyeupe zinazozifunika seli tunazozitafuta. Kuanzia sasa kila mama anaulizwa alikokulia na maji aliyotumia utotoni, na anaombwa mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Mkojo usipoonyesha mayai hatumwondolei shaka, kwa maana yanaweza kuwa yamekwama kizazini na kibofu kikawa safi. Mama wa Kwale alipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kinyama chake kimesomwa: mayai yapo, saratani haipo. Dada yake alilia kwa furaha pale pale koridoni.

Juni

Kusi linavuma, maabara imepoa, na wiki nzima nimekuwa kwenye hadubini. Slaidi hizi ndizo zilizonifanya niutake mradi huu.

HPV ikikaa sana ndani ya seli na DNA yake ikajichomeka kwenye yetu, protini zake mbili, E6 na E7, hutengenezwa kupita kiasi. E6 huiteketeza p53, protini inayoiamuru seli iliyoharibika isimame ijitengeneze au ife. E7 huishika protini nyingine inayoitwa Rb, ile inayozuia mgawanyiko wa seli. Seli inatambua kwamba inakwenda mbio kupita kiasi, inatengeneza p16 kwa wingi ili ijizuie, lakini p16 hufanya kazi yake kupitia Rb, na Rb imeshatekwa. Ni kama matatu inayoshuka mteremko wa daraja la Nyali huku dereva amekanyaga breki hadi chini na gari halisimami.

Ki-67 ni protini ya kwenye kiini cha seli inayoonekana wakati seli inagawanyika. Seli yenye afya inaweza kuwa na p16, ikiwa inajizuia. Inaweza kuwa na Ki-67, ikiwa inagawanyika. Kuwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja haitarajiwi, na anayeikuta seli ya namna hiyo ameuona mkono wa virusi. Kwa hivyo tunatia rangi mbili: p16 inageuka kahawia katika mwili wa seli, Ki-67 nyekundu kwenye kiini. Seli moja tu yenye kahawia na nyekundu kwa pamoja inatosha kuihesabu slaidi kuwa na kasoro.

Jana niliikuta moja ukingoni kabisa mwa slaidi, kati ya mamia ya seli za samawati zilizotandazwa vizuri. Ndogo, imejikunja, kahawia iliyokolea, na katikati nukta nyekundu. Siki ya mama huyo ilikuwa haikuonyesha kitu. Nikamwita msomaji wa pili bila kumwambia nimeona wapi, akaipata. Tukampigia mama simu aje kwenye kolposkopi. Kinyama kikarudi CIN3. Utafiti wa New Zealand uliowafuatilia wanawake wa zamani ambao CIN3 zao hazikutibiwa ipasavyo ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 walipata saratani ndani ya miaka 30. Huyu ametibiwa na yuko nyumbani.

Kichocho hakijatusumbua hapa kama nilivyohofia. Kwenye slaidi za akina mama wenye kichocho, seli nyekundu ni nyingi, lakini ziko peke yake, hazina kahawia. Kule kupima Ki-67 pekee kungetupoteza kabisa. Marekani iliidhinisha kipimo hiki cha rangi mbili mwaka 2020 kwa wanawake wenye HPV, na WHO ikakiongeza katika mapendekezo yake mwaka 2024. Kinachotukwamisha sisi ni gharama ya vitendanishi na macho ya kusoma. Msomaji wa slaidi hapatikani kwa semina ya siku mbili.

Julai

E6 kwa kifupi. Kipimo chake ni kijiti chenye mistari, hakihitaji hadubini wala mashine kubwa, na kikitoa mstari basi ugonjwa upo mara nyingi sana. Tatizo ni wale kinaowaacha. Vijiti tulivyo navyo vinatambua E6 ya aina 16, 18 na 45 tu. Wanawake wa Afrika, na hasa wanaoishi na VVU, hubeba aina nyingine pia. Namba 35 inaonekana katika saratani za Waafrika zaidi kuliko mahali pengine popote, na haimo hata kwenye chanjo ya HPV inayokinga aina tisa. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita ya saratani hii kuliko asiyeishi navyo. Kijiti kinachomwacha yeye wa kwanza hatuwezi kukitegemea peke yake. Kipimo kinabaki kwenye kundi dogo.

Mmoja wa akina mama hao ana binti aliyechanjwa shuleni. Chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. "Mtoto ana kinga, mamake hana," alisema. Ni kweli. Mabinti hao wakiwa bado vijana, mama zao ndio wako katika umri ambao CIN3 inageuka saratani, na kazi yetu yote ni kwa ajili ya kizazi hicho ambacho chanjo ilichelewa kukifikia.

Agosti

Kikao cha nusu mradi kimekwisha na maamuzi yamepita.

SCC-Ag inaondolewa kwenye uchunguzi wa awali. Itabaki kwa waliothibitishwa kuwa na saratani, ambako inasaidia kweli, na damu zilizomo friza hazitatumiwa kwa lolote jingine hadi wenyewe waulizwe. Rangi mbili inakuwa njia kuu ya kuwachuja waliokutwa na HPV. Atakayekutwa na seli ya kahawia na nyekundu anaingia orodha ya kolposkopi wiki hiyo hiyo, na kama kidonda kinafaa kwa tiba ya joto, atibiwe hapo hapo pasipo kurudishwa nyumbani kwanza. Ncha ya mashine hiyo hufika takriban nyuzi 100 na huwekwa kwa sekunde 20 hadi 30. Akina mama wengi huteremka kitandani na kwenda zao kwa miguu.

Brashi za Ramadhani zinatolewa friza mwezi ujao. Tutazivunja seli, tupime p16 kwa ELISA, na kuigawanya kwa jumla ya protini ya kila sampuli, kwa kuwa brashi moja huja imesheheni na nyingine karibu tupu. Nina matumaini na sampuli hizi, ingawa seli za ukeni zitaipunguza ishara. Sahani ya kwanza itakuwa ya wanawake ambao kinyama chao tayari kimesomwa.

Vijana wawili wa maabara wameanza kufundishwa kusoma slaidi. Watasoma zile za zamani bila majibu hadi walingane na wasomaji wakongwe, ndipo waguse za akina mama wapya. Nafasi za kolposkopi za Jumatano zimejaa hadi mwisho wa mwezi, na tumeomba tuongezewe siku ya Ijumaa asubuhi, kabla ya sala.